Nyumba ya Concepta Iko Wazi

Attracta Gilhooley alifungua mlango wa kituo cha redio cha Drumsillagh kwa bega, kama alivyozoea, kwa sababu mbao za mlango ule huvimba kila mvua za Oktoba zinapoanza na hazisikii mkono mtupu. Alitundika koti lililolowa, akawasha birika la umeme, kisha akagusa kipasha joto kilichokuwa chini ya dirisha. Kilikuwa cha baridi. Tangu mafuta ya kupashia joto yapande bei, kampuni mpya iliyokinunua kituo ilikuwa ikiwasha na kuzima joto kutoka makao yake makuu Dublin, na huko Dublin, kwa jinsi ilivyoonekana, hakukuwa na baridi.

Alikaa mbele ya kompyuta bila kuvua skafu. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kusoma matangazo ya vifo: saa tatu na dakika kumi asubuhi, baada ya taarifa ya habari, na tena saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Katika kaunti ile watu huyasikiliza matangazo hayo kuliko habari zenyewe. Matrekta huzimwa. Watoto hunyamazishwa kwa kijiko cha jemu. Mwanamke anayekanda unga wa mkate huiacha mikono yake ndani ya bakuli mpaka jina la mwisho lisomwe. Maneno machache yanayofuata jina ndiyo yanayoamua mwenendo wa siku: saa ngapi, kanisa gani, maua au hapana maua, na juu ya yote, kama nyumba ya marehemu iko wazi au ni ya familia tu. Ikiwa wazi, hata mtu mliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba atakuja kukushika mkono. Ikiwa ni ya familia tu, hakuna atakayegusa komeo la lango; watu wa pale wangeona heri kuingia chumbani mwa askofu bila kubisha hodi.

Tangu mwezi uliopita Attracta hakusoma tena. Aliyaandika majina katika kompyuta, na sauti iliyotengenezwa na mashine ikayasoma kutoka mjini. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, isiyokohoa wala kuvuta pumzi.

Simu ililia kabla maji hayajachemka.

"Redio, habari za asubuhi."

"Ni mimi, Dervla."

Dervla alikuwa binti pekee wa Concepta Devaney, aliyefariki hospitalini siku iliyotangulia akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Kwa miaka ishirini binti huyo alikuwa akiishi Leeds, ng'ambo ya bahari, na alikuwa amerudi majira ya joto kumuuguza mama yake. Hakuwa na ndugu, wala baba hakuwapo tena.

"Umelala, mpenzi?" Attracta aliuliza.

"Kidogo tu. Jeneza litafika nyumbani saa sita. Sikiliza, Attracta, Mama alinisisitizia jambo moja. Nyumba iwe wazi, kuanzia saa nane mchana. Alisema wanawake wake wote waje."

"Na maua?"

"Maua hataki. Alisema anataka kelele."

Attracta alicheka. "Nitaliandika vizuri, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Akaliandika taratibu, kila neno mahali pake: Concepta Devaney, wa ukoo wa Tiernan kabla ya kuolewa, wa Barabara ya Ziwa. Aliisoma kazi yake mara mbili, kama alivyofundishwa na marehemu mwenyewe, kisha akaituma.

Saa tatu na dakika kumi alikuwa akimimina chai. Ile sauti laini ikafika kwenye jina, ikalipita bila kugonga popote, ikataja kanisa na saa ya misa ya kesho, kisha ikasema: "Nyumba ni ya familia tu."

Attracta aliendelea kumimina mpaka chai ikamwagika mezani.

*

Meneja wa kituo alikuwa Fiachra Loftus, kijana wa miaka thelathini na moja, mwana wa Majella Loftus wa pale pale Drumsillagh. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mtoto mchanga, nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba alitaka kuiuza, na mkataba wa kazi uliokuwa ukiongezwa miezi mitatu mitatu.

"Fiachra, wameifunga nyumba ya Concepta."

"Wameifunga vipi?"

"Redioni! Wamesema ni ya familia tu. Mimi sikuandika hivyo."

Fiachra alifungua kompyuta yake, akashuka hadi mwisho wa ukurasa, mahali ambapo Attracta hakuwahi kufika kwa kuwa hakujua kwamba papo. Palikuwa na kisanduku kidogo, tayari kimetiwa alama.

"Kinajijaza chenyewe," alisema. "Mjini nyumba nyingi huwa za familia tu, kwa hiyo wamekiweka hivyo."

"Basi kifute."

"Siwezi. Tangazo likishatumwa, ni watu wa Dublin tu wanaoweza kuligusa. Na masahihisho wanayafanya mara moja kwa siku. Yataingia kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi anazikwa, Fiachra! Na leo jioni?"

"Leo jioni litarudiwa kama lilivyo."

"Niachie kipaza sauti dakika moja. Dakika moja tu. Nitasahihisha kwa mdomo wangu."

Fiachra alimtazama kwa huruma iliyomuumiza zaidi kuliko ukali. "Kipaza sauti kipi, Attracta?"

Alikuwa amesahau, au alikuwa amejilazimisha kusahau. Jumanne wanaume wawili waliovaa glavu walikuwa wameishusha mitambo ya studio kwenye ngazi, wakaipakia katika gari, wakaomba chai, wakaenda zao.

Alipiga simu Dublin. Baada ya muziki mrefu alijibiwa na kijana mwenye adabu nyingi.

"Nimekuelewa kabisa, Attracta. Ninalithamini sana ombi lako."

"Silo ombi, mwanangu. Kuna mwanamke ataagwa na viti vitupu."

"Pole sana kwa hali hiyo. Je, kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia leo?"

"La kwanza hujanisaidia bado."

"Nakutakia siku njema."

Attracta alirudisha simu mahali pake kwa upole, kwa sababu simu haikuwa na kosa. Kisha, badala ya kurudi mezani, akafungua mlango wa studio tupu.

Trei za mayai zilikuwa bado ukutani. Ni Concepta aliyezigundisha, mwaka ule redio ilipokuwa bado ya magendo, bila kibali, juu ya duka la vitambaa. Alikuwa amezikusanya kwa wanawake waliofuga kuku, akazipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye mlango wa mtu, na kusema kwamba sasa mwangwi hauna pa kukaa. Attracta alikuwa na miaka ishirini na mmoja wakati huo, akishona kola katika kiwanda cha mashati kando ya mto. Mashine zilikuwa sitini na wanawake walikuwa sitini, na waliimba kwa sauti ya kuzishinda mashine, wimbo ukianzia dirishani na kumalizikia kwenye meza ya kupiga pasi. Siku moja wakati wa chai aliingia mama mmoja mwembamba mwenye kikapu cha sokoni. Juu ya kikapu palikuwa na kabichi. Chini ya kabichi palikuwa na kinasa sauti.

"Msinijali," alisema. "Endeleeni kumsema msimamizi."

Ndivyo kilivyoanza kipindi cha wanawake cha Jumatano. Concepta alizunguka na kikapu chake jikoni kwa watu, mabandani, kwenye foleni za zahanati. Aliwauliza wanawake maswali ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza: Nani alikufundisha kazi hii? Ungepewa alasiri moja peke yako, ungefanya nini? Mwanamke wa Gortnalee aliyefuma sweta za wavuvi kwa miaka arubaini alinyamaza dakika nzima, kisha akasema kwamba angetaka kufuma kitu kisichomfaa mtu yeyote. Concepta hakuikata ile dakika ya kimya. Aliipeleka hewani nzima nzima, na kaunti yote ikakaa kimya pamoja na yule mama.

Concepta mwenyewe alikuwa mwendesha simu wa posta zamani, mwenye mkono mwepesi kuliko wote, hadi alipoolewa. Sheria ya wakati ule ilikuwa kwamba mwanamke wa serikalini akiolewa anaacha kazi. Ijumaa alipokea simu, Jumamosi akafunga ndoa, na Jumatatu kiti chake kikakaliwa na mwingine. Wakubwa walimpa seti ya vikombe vya kauri vyenye ukingo wa dhahabu. Aliviweka kabatini nyuma ya kioo na hakuvinywea kamwe. "Hivi ni vikombe vya kufukuzwa," alikuwa akiwaambia wageni. "Chai humo haiwezi kuwa tamu."

Na ni yeye aliyemsimamisha Attracta mbele ya kipaza sauti kwa mara ya kwanza, hapa hapa.

"Naogopa, Concepta."

"Vizuri. Asiyeogopa husoma majina ya watu kama bei za viazi. Wewe una sauti ya mtu anayefungua mlango. Haya, fungua."

Attracta aligusa trei moja ya bluu. Ilikuwa imelegea pembeni. Akaibonyeza irudi mahali pake, akachukua koti lake.

*

Nyumba ya Barabara ya Ziwa ilikuwa imejiandaa kwa watu. Viti vya kilabu cha michezo vilipangwa kando ya kuta, vingine viwili viwili hadi barazani. Juu ya meza ya jikoni sandwichi za nyama ya nguruwe na za yai na kitunguu zilikuwa zimekatwa pembetatu na kufunikwa kwa vitambaa vibichi. Dirisha la chumba cha mbele lilikuwa wazi kidogo, na Concepta alilala humo katika blauzi yake ya kijani, rozari mikononi, uso wake ukiwa kama wa mtu anayesubiri mwenzake amalize kuzungumza.

Hapakuwa na mtu mwingine ila Dervla, aliyesimama mlangoni amevaa nguo nyeusi ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya sandukuni.

"Saa nane imepita," alisema. "Magari yanapunguza mwendo, Attracta. Nayaona. Wanafanya ishara ya msalaba, kisha wanaondoka. Walimchukia?"

"Usiseme hivyo."

"Basi wamemsahau. Ndivyo alivyoogopa. Aliniambia hospitalini: Redio wameichukua, Dervla, sasa nitatoka kama paka aliyekufa chini ya banda."

Attracta alimweleza. Dervla alisikiliza, akatazama viti, akaanza kucheka kicheko kibaya.

"Familia tu! Familia ni mimi, Attracta. Nani atakula sandwichi zote hizi, mimi?"

"Ngoja."

Ng'ambo ya barabara, langoni kwake, alikuwa amesimama jirani yao Bernadette Tansey, mama wa miaka sabini na minane, amekumbatia pai ya tufaha iliyofungwa taulo. Ilionekana kuwa alikuwa amesimama hapo muda mrefu. Taulo lilikuwa limelowa mvua. Attracta alivuka barabara karibu kwa kukimbia.

"Bernie, unafanya nini hapa? Ingia ndani!"

"Siwezi. Redio imesema ni ya familia tu."

"Redio imekosea."

"Imekosea?" Bernie alimtazama kana kwamba ameambiwa ziwa limehama. "Redio haijawahi kukosea juu ya maiti."

"Bernie, mimi ndiye redio!"

"Siku hizi siyo, mpenzi," alisema Bernie, bila ubaya wowote. "Nilidhani labda yule binti wa Leeds hataki kuonana nasi. Nikasema nitasimama hapa tu. Nikasema, akichungulia dirishani ataona kwamba mtu alisimama."

Attracta alichukua ile pai mikononi mwake. Ilikuwa bado na uvuguvugu katikati. "Anataka kuonana nanyi wote. Concepta mwenyewe aliagiza. Lakini wanawake wake wamekaa vijijini kote, Bernie, na wote wamesikia uliyosikia wewe. Nikimpigia simu mmoja mmoja hadi usiku, nusu yao watadhani nimechanganyikiwa kwa majonzi."

Bernie alifikiri, akipangusa mvua kwenye kidevu. "Watu lazima waambiwe na redio," alisema hatimaye. "Mwenzangu, si leo kuna rozari saa tisa?"

Attracta alimtazama. Kisha akambusu kwenye paji la uso, akamrudishia pai yake, akasema, "Peleka hiyo ndani," na kukimbilia gari.

*

Parokia ya Drumsillagh ina redio yake ndogo, kama parokia nyingi za upande ule. Hairushi chochote ila ibada. Wazee na wagonjwa wameweka vijiredio vyake jikoni kando ya jiko, na mwezi wa Oktoba, rozari inaposaliwa kila alasiri, huwa hawavizimi kabisa, maana ndani ya kijiredio husikika hata vikohozi vya walio kanisani, na wenyewe humtambua kila mtu kwa kikohozi chake.

Attracta alipofika kanisani, mtunza sakristia, Philomena Cawley, alikuwa akipanga mishumaa.

"Phil, nahitaji kipaza sauti chako kabla ya rozari."

"Hapana."

"Hujasikia ni cha nini."

"Nimesikia asubuhi, na nikajua kuna kitu hakiko sawa. Concepta afunge nyumba? Huyo hakufunga hata mdomo." Phil aliweka mshumaa chini. "Lakini Padri amekataza, Attracta. Sala tu. Tangu yule mpumbavu atangaze ndama wake aliyepotea katikati ya Salamu Maria. Padri akijua, atanipokonya funguo. Na mimi nisipokuwa na kanisa hili nitakaa nyumbani nikimtazama mume wangu Jarlath anavyotazama mpira."

"Yuko wapi Padri?"

"Mkutanoni kwa askofu. Anarudi saa kumi."

Walitazama madhabahuni. Juu ya madhabahu kipaza sauti kilikuwa kimeinama kwenye shingo yake ya chuma. Wote wawili walikuwa wakikumbuka Jumapili ile ile, miaka arubaini iliyopita, Kanoni, padri mzee wa wakati ule, alipokishika kipaza sauti cha mahali pale na kuwaamuru wanawake wa parokia wasisikilize kipindi cha Jumatano, kwa sababu mke wa mtu fulani alikuwa ameeleza hewani kwamba amechoka kuzaa.

"Nilikuwa benchi la nne," Phil alisema. "Sikuwa nimewahi kusikia kile kipindi mpaka Kanoni aliponikataza. Jumatano nikakifungua. Nikamsikia mwanamke anasema neno ambalo nilikuwa nimelibeba tumboni miaka sita. Nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni nikalia mpaka viazi vikaungua."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia lini? Wewe ulikuwa unasoma waliokufa." Phil alichukua kiberiti, akashuka hatua mbili kuelekea sanamu ya Bikira. Njiani alinyoosha mkono akabonyeza swichi ukutani, na taa ndogo nyekundu ikawaka. "Nakwenda kuwasha mishumaa. Nikiwasha mishumaa huwa sigeuki nyuma."

Attracta alipanda madhabahuni. Aliogopa kama zamani. Hakuwa na karatasi, lakini hakuihitaji. Alivuta pumzi, na akaiacha isikike.

"Huyu ni Attracta Gilhooley. Mniwie radhi kabla ya sala. Kifo kimetokea cha Concepta Devaney, wa ukoo wa Tiernan, wa Barabara ya Ziwa. Mke wa marehemu Eoin. Mama wa Dervla, aliye nyumbani anawangoja. Mwendesha simu wa posta. Aliyewahi kuja jikoni kwenu na kikapu." Alinyamaza. Hakukikata kimya kile. Alikiacha kiende hewani. "Asubuhi mliambiwa kwamba nyumba ni ya familia tu. Hilo halikuwa neno lake. Yeye alisema msilete maua, mlete kelele. Nyumba iko wazi. Mwambie jirani yako. Nyumba iko wazi."

Nyuma yake Phil alikuwa bado anawasha mshumaa ule ule wa kwanza.

*

Walianza kufika kabla rozari haijaisha. Kwanza walikuja wawili kwa gari la muuza maziwa, kisha wanne, kisha gari dogo la wazee kutoka Gortnalee ambalo dereva wake alipaswa kuwapeleka kliniki ya miguu. Walipita mmoja mmoja mbele ya Dervla wakimshika mkono kwa mikono yao miwili, wakisema "Pole kwa msiba wako, mwanangu," na kila mmoja akaongeza kitu chake: mimi nilishona naye vitambaa vya maonyesho; mimi aliniuliza kuhusu kukamua ng'ombe nikaongea saa nzima; mimi mume wangu hakuzungumza nami wiki mbili kwa sababu ya mama yako, zilikuwa wiki nzuri.

"Amependeza," walisema mbele ya jeneza.

"Amependeza kuliko mimi."

"Ile blauzi aliinunua kwa harusi ya jirani yetu Ita. Alisema atazikwa nayo."

Kufikia machweo hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Waliosalia wa kiwanda cha mashati walikuwa wamekusanyika kwenye ngazi, na mmoja akaanza wimbo wa zamani wa zamu ya asubuhi. Sauti zilikuwa zimekonda, lakini bado wimbo ulianzia dirishani. Jikoni sandwichi ziliisha, zikaletwa nyingine za majirani. Kisha vikombe vikaisha.

"Viko vile vya kabatini," Bernie alisema.

Dervla alimtazama Attracta. Attracta alitazama kabati.

"Vitoe," alisema. "Kwa watu wote hawa, chai itakuwa tamu tu."

Viliteremshwa vyenye vumbi la miaka sitini, vikaoshwa, ukingo wa dhahabu ukang'aa chini ya taa. Attracta alikuwa akivipangusa Fiachra Loftus alipoingia, nywele zimelowa, mama yake Majella amemshika kiwiko kama mtoto aliyekamatwa bustanini. Alikuwa ametoa pole zake kwa heshima na kusali mbele ya jeneza. Sasa alisimama kando ya sinki akizungusha kofia.

"Attracta. Dublin wamenipigia."

"Haraka namna hiyo? Asubuhi walihitaji siku nzima."

"Mtu aliwaandikia kuuliza kwa nini parokia inasema hivi na redio inasema vile. Wanasema umeichafua huduma yao. Wanasema..." Akatazama buli la chai. "Wanataka ufunguo. Ilikuwa umalize kazi nasi mwisho wa mwezi, hata hivyo. Samahani. Mimi ningekuwa na uwezo..."

"Najua, Fiachra. Mtoto hajambo?"

"Ameota jino."

"Hongera." Alikausha mikono, akatoa ufunguo mfukoni mwa aproni, akamwekea kiganjani. "Utumie bega. Mlango unavimba."

"Ijumaa watakufanyia kasherehe kidogo. Wamesema watatuma zawadi."

"Zawadi gani?"

Fiachra alisita. "Nadhani ni kikombe. Chenye nembo ya kampuni."

Majella Loftus alianza kucheka kwanza, huku amejiziba mdomo. Kisha Phil, kisha Bernie, mpaka kijana mwenyewe akaona haya na kutabasamu bila kujua sababu. Attracta alimimina chai katika kimoja cha vikombe vya kauri na kumpa. Akajimiminia na yeye. Alionja. Ilikuwa chai ya kawaida.

Redio juu ya jokofu ilikuwa ikinong'ona tangu mchana na hakuna aliyeijali. Lakini ilipofika saa kumi na mbili na dakika kumi, kwa mazoea ya maisha yao yote, jikoni pakanyamaza. Ngazini wimbo ulikatika. Mtu fulani aliongeza sauti. Yule mwanamke laini asiyevuta pumzi alilitaja jina la Concepta Devaney, akataja kanisa na saa ya misa, kisha akasema, kwa upole ule ule wa asubuhi, kwamba nyumba ni ya familia tu.

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wamebanana kutoka jikoni hadi barazani, makoti yao yakitoa mvuke, vikombe vya posta mikononi. Dervla alikuwa katikati yao na mashavu yamemwiva kwa joto.

Kengele ya mlango ikalia. Gari jingine la Gortnalee lilikuwa limefika.

"Haya, mmesikia," alisema Bernie Tansey, akiinua trei ya sandwichi juu ya vichwa. "Sogeeni basi. Acheni familia ipite."